Kuinama, kuegemea, kuelemea: Maana za 'tilt' na visawe vyake katika Kiswahili

MWISHONI mwa Aprili 2024, maji ya Mto Tana yalipokuwa yamefunika barabara inayounganisha mji wa Garissa na Madogo, mashua iliyokuwa ikivusha watu ilipinduka katika eneo la Kona Punda. Watu 23 waliokolewa, kwa mujibu wa Shirika la Msalaba Mwekundu nchini Kenya. Wengine hawakubahatika.

Habari za mikasa ya aina hiyo aghalabu hufika katika vyumba vya habari zikiwa zimeandikwa kwa Kiingereza, nazo humtaka mtafsiri ateue neno moja kati ya mengi. Je, chombo kiliinama, kilielemea upande mmoja, kililala au kilipinduka? Kiingereza kina neno jepesi, 'tilt', linaloweza kubeba hatua zote za mwanzo za ajali hiyo. Kiswahili hakina neno moja linalotosha pote. Kina maneno mengi, na kila moja lina mipaka yake.

Tofauti hizo si mapambo ya lugha. Jamaa aliyeko Nairobi au Mombasa akisoma kwamba basi lililotoka Garissa 'limepinduka', huanza kuuliza kuhusu hospitali. Akisoma kwamba basi hilo 'limeinama kando ya barabara', huuliza litakwamuliwa lini. Makala haya yanafafanua maana za neno hilo la Kiingereza, visawe vyake katika Kiswahili, na jinsi kila kisawe kinavyotumika, kwa mifano kutoka Garissa na eneo zima la Kaskazini Mashariki mwa Kenya.

Asili ya neno

Wanaisimu hulihusisha neno 'tilt' na neno la Kiingereza cha kale, 'tealt', lililomaanisha kitu kisicho thabiti, chenye kuyumba. Katika Kiingereza cha enzi za kati, kitenzi chake kilikuwa na maana ya kuanguka au kuangusha. Maana inayotumika zaidi leo, yaani kuondoka katika hali ya wima au ya mlalo na kushika upande, ilikuja kutokana na hiyo ya kwanza.

Maana ya pili ni ya vita vya michezo. Zamani huko Ulaya, mashujaa wawili waliopanda farasi walikimbiliana wakiwa wameelekezeana mikuki mirefu, kila mmoja akikusudia kumwangusha mwenzake. Mchezo huo nao uliitwa kwa jina hilo. Ndipo Waingereza wakapata usemi wa kushambulia vinu vya upepo, unaotokana na riwaya ya Mhispania Miguel de Cervantes, Don Quixote, ambayo sehemu yake ya kwanza ilichapishwa mwaka wa 1605. Mhusika mkuu huviona vinu vya upepo akadhani ni majitu, akavivamia kwa mkuki. Msomaji wa Kiswahili asiyekijua kisa hicho hataambulia kitu akitafsiriwa neno kwa neno. Kupigana na kivuli ndiyo maana iliyo karibu zaidi.

Kutoka katika mbio hizo za farasi ulitokea pia usemi wa Kiingereza wa kwenda kwa kasi yote. Kiswahili kina neno lake la mwendo wa farasi, nalo ni shoti. Farasi huenda shoti, na kwa jumla mtu au gari hutimua mbio kwa kasi yake yote.

Maana ya tatu ni turubai au kitambaa kizito kinachofunika gari, mkokoteni au mashua. Neno hili hufanana na la kwanza kwa matamshi tu, lakini asili yake ni nyingine, nayo inahusiana na hema. Dereva wa lori la mizigo huita kifuniko hicho turubai, naye baharia wa pwani akitandaza kitambaa juu ya chombo kujikinga na jua hukiita chandalua.

Makala haya yanashughulikia zaidi maana ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayowatatiza waandishi wengi.

Inama, inamisha na inika

Inama ndilo neno la kwanza kuwajia wengi. Mtu huinama aokotapo kitu, mti huinama kwa upepo au kwa uzito wa matunda, na nguzo huinama ardhi inapolegea. Methali ya wahenga yasema mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kisarufi, inama ni kitenzi cha kauli ya kutendama, sawa na simama, kwama, gandama na egama. Kauli hii huonyesha hali au mkao wa kitu kuliko tendo linalopita. Kwa hiyo nguzo 'imeinama' ni nguzo iliyo katika hali hiyo sasa. Mtendaji akihitajika, husemwa mafuriko 'yameinamisha' nguzo.

Inama lazima itofautishwe na pinda. Nguzo iliyoinama ingali imenyooka yenyewe, ila haisimami wima. Nguzo iliyopinda imepoteza unyoofu wake, huenda mzizi wake ungali wima lakini kati yake pana kona. Mhandisi anayepokea ripoti ya nguzo za umeme baada ya mvua hahitaji kitu kimoja kwa hali hizo mbili. Ya kwanza huweza kusimamishwa na kushindiliwa upya. Ya pili aghalabu hubadilishwa.

Inika ni ndugu wa inama, ingawa siku hizi haisikiki sana. Kuinika chombo ni kukilaza upande au kukielekeza chini ili kilichomo kitoke. Mtu huinika mtungi polepole, maji yakatiririka kikombeni. Kumimina ni tendo la kutoa maji, ilhali kuinika ni tendo la kukigeuza chombo. Garissa, ambako mikokoteni ya punda imekuwa ikipeleka mitungi ya maji mitaani, anayeinika mtungi bila uangalifu humwaga kitu kilichonunuliwa kwa fedha.

Egama, egemea na egemeza

Kiingereza kinaweza kutumia maneno mawili yanayokaribiana kwa kitu kilichoshika upande na kitu kilichoshikiliwa na kingine. Kiswahili hutenganisha hali hizo barabara.

Kuegemea ni kuinama na kupata mahali pa kujishikiza. Mchungaji husimama akiwa ameegemea fimbo yake. Ngazi huegemea ukuta. Pasipo fimbo au ukuta, hakuna kuegemea. Kwa hivyo, sentensi isemayo 'lori liliegemea barabarani' ina kasoro, maana msomaji hataweza kujua lori hilo lilishikiliwa na nini. Lori huegemea mti, ukingo wa daraja au lori jingine.

Kuegemeza ni kukiweka kitu katika hali hiyo, kama vile kuegemeza baiskeli ukutani. Kuegama ni kuwa katika mkao wa kujinyoosha upande, hasa mtu anapopumzika kwa kiwiko juu ya mto au mkeka. Kinachoegemewa ni egemeo au kiegemeo.

Egemea na tegemea hukaribiana sana katika matumizi ya kisitiari. Anayeegemea mtu humtaka amshikilie kwa muda, ilhali anayemtegemea amemfanya nguzo ya maisha yake. Jamii ya wafugaji hutegemea mifugo, na methali isemayo mtegemea nundu haachi kunona huwakumbusha wengi wa Kaskazini Mashariki ng'ombe wenye nundu walio riziki yao.

Katika siasa, kuegemea kuna maana ya kushika upande. Gazeti huegemea chama, mwamuzi huegemea timu. Hapa kiegemeo hutajwa waziwazi: kuegemea upande fulani. Nomino zinazofaa ni mwelekeo ikiwa hakuna lawama, na upendeleo ikiwa ipo.

Elemea: uzani unapohama

Neno la tatu katika kundi hili ndilo linalosahaulika zaidi, ilhali ndilo linaloeleza sababu ya ajali nyingi. Kuelemea ni kwenda upande mmoja kwa sababu ya uzito. Kitu chaweza kuinama kwa upepo, kwa uzee au kwa kuchimbwa chini. Kinapoelemea upande, chanzo chake ni uzani usio sawa.

Mfano mwafaka ni mkokoteni wa punda wenye magurudumu mawili. Mzigo ukirundikwa nyuma ya ekseli, mkokoteni huelemea nyuma, miti yake ya mbele huinuka na punda akavutwa juu na matandiko yake. Mzigo ukirundikwa mbele, uzani wote humlalia punda shingoni na mgongoni. Mpakiaji mzoefu huuweka uzito karibu na ekseli, ili punda avute bila kubeba.

Kanuni hiyo hiyo hufuatwa na wafugaji wahamao kwa ngamia. Familia ya Kisomali inapohama, miti na mikeka ya nyumba yao, iitwayo aqal, hufungwa juu ya ngamia kwa namna ya kusawazisha ubavu wa kulia na wa kushoto. Mzigo ukizidi upande mmoja, husemwa umekwenda pogo au umekwenda tenge. Mzigo wa namna hiyo humchubua mnyama, na huweza kuanguka safarini mbali na maji.

Mabaharia wa Uswahilini walikuwa na dawa ya tatizo hili. Chombo kisicho na shehena ya kutosha hutiwa farumi, yaani mawe au mchanga chini kabisa ya ngama, ili kisiyumbe. Maneno pogo, tenge na farumi yalikuzwa pwani, lakini yanafaa vilevile kwa lori lililopakiwa mizigo mirefu likielekea Dadaab, Wajir au Mandera.

Elemea isichanganywe na lemea. Kulemea ni kumzidi mtu au kitu kwa uzito, bila kutaja upande. Mzigo ukimlemea punda, hashindwi kwa kuwa umekwenda upande, bali kwa kuwa ni mzito kuliko nguvu zake.

Kutoka kuyumba hadi kupinduka

Kwa mwandishi wa habari, ngazi za ajali ni muhimu kuliko visawe. Kiswahili huzipanga hivi.

Kuyumba ni kwenda huku na huku na kurudi. Chombo kinachoyumba hakijashika upande. Kwa chombo cha majini, kuyumba kwa mawimbi huitwa kwenda mrama, usemi ambao baadaye ulipata maana ya mambo kuharibika. Mtu akiyumba kwa ulevi, ugonjwa au njaa, husemwa anapepesuka.

Kuelemea upande ni hatua ya pili. Sasa chombo hakirudi tena katikati. Hii ndiyo hatua ya hatari, kwa kuwa watu walio ndani, kwa hofu, hukimbilia upande ulio juu au husimama wote kwa pamoja. Wakisimama, uzani hupanda juu na uthabiti wa chombo hupungua. Ndiyo sababu wavushaji huwasihi abiria waketi.

Kulala upande ni hatua ya tatu. Ubavu wa chombo umegusa maji, au ubavu wa gari umegusa ardhi. Kupinduka ni hatua ya nne, ambapo kilichokuwa juu kimekuja chini. Gari likipinduka zaidi ya mara moja, husemwa limebingirika. Mashua ikijaa maji na kushuka chini, imezama. Mashua yaweza kupinduka bila kuzama, na yaweza kuzama bila kupinduka.

Mwandishi aliyefika mahali pa ajali anapaswa kuandika hatua aliyoiona au aliyosimuliwa na walioshuhudia. Neno moja tu laweza kuongeza au kupunguza ukubwa wa msiba, na laweza kusomwa baadaye mahakamani au katika ofisi ya bima.

Hanamu, mshazari na mlazo

Kundi jingine la maneno hutaja mstari au umbo lililo kati ya wima na mlalo. Mstari unaotoka pembe moja ya mraba hadi pembe ya mkabala ni wa mshazari. Fundi seremala akikata ubao si kwa kuukingama wala kwa urefu wake, amekata hanamu. Kuvuka uwanja mshazari ni kuukata kutoka kona hadi kona.

Katika uchapishaji, herufi zilizoinama kuelekea kulia huitwa italiki au hati za mlazo. Hutumiwa kwa majina ya vitabu, majina ya magazeti na maneno ya kigeni.

Fundi mwashi ana vifaa viwili vya kugundua mwinamo usiotakiwa. Timazi ni uzi wenye kitu kizito ncha yake, nao huonyesha kama ukuta umesimama wima. Pimamaji ni chombo chenye kiputo cha hewa ndani ya kimiminika, nacho huonyesha kama sakafu au kizingiti kimelala sawasawa. Nyumba iliyojengwa pasipo timazi huweza kusimama miaka kadhaa na bado ikawa na kasoro isiyoonekana kwa macho.

Duniani, mfano maarufu wa jengo lililoinama ni mnara wa Pisa nchini Italia, uliopasha kujengwa mwaka wa 1173 juu ya udongo laini. Ulianza kuinama ujenzi ungali unaendelea. Mwaka wa 1990 ulifungwa kwa hofu ya kuanguka, wahandisi wakaondoa udongo kidogo kidogo chini ya upande uliokuwa juu, na ukafunguliwa tena mwaka wa 2001 ukiwa umeinama kwa nyuzi chache kuliko awali. Haukusimamishwa wima. Ulipunguziwa mwinamo tu, na hiyo ndiyo maana ya kutofautisha kuinamisha, kunyoosha na kusimamisha.

Ardhi, jua na mwezi

Ardhi nayo huinama. Panaposhuka huitwa mteremko, na panapopanda huitwa mwinuko. Kadiri ya kushuka kwenyewe, ambayo mhandisi huipima, ni mwinamo.

Sehemu kubwa ya Garissa ni uwanda wenye mwinamo mdogo mno. Mji wa Garissa uko takriban mita 150 tu juu ya usawa wa bahari, ilhali Mto Tana una safari ya mamia ya kilomita kabla ya kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi. Kwa kuwa mteremko ni mdogo, mto hupinda na kujikunja, na maji yakizidi hutapakaa kingoni badala ya kuteremka upesi.

Mvua zinapokuwa kubwa katika nyanda za juu na mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere yakajaa, wakazi wa Garissa na Tana River hupata maji ambayo huenda hayakunyesha kwao. Hali hiyo ilionekana wakati wa El Nino ya mwaka 1997 na 1998, na tena katika mafuriko ya 2023 na 2024. Katika eneo la namna hii, mwinamo wa barabara, mitaro na makalavati ni suala la uhai. Barabara hujengwa katikati ikiwa juu kidogo ya kando zake, ili maji yateremke pande zote mbili. Ikilala sawasawa, maji hutuama juu yake.

Dunia yenyewe imeinama. Mhimili wake umeinama kwa takriban nyuzi 23.5, na mwinamo huo ndio unaoleta majira ya baridi na joto katika nchi zilizo mbali na Ikweta. Ikweta hupita katika kaunti ya Garissa, na kwa hiyo mchana na usiku hukaribiana urefu mwaka mzima. Jua huwa utosini mnamo Machi na Septemba.

Jambo hili lina faida katika kituo cha umeme wa jua cha Garissa, kilichofunguliwa rasmi Desemba 2019. Kituo hicho, chenye uwezo wa takriban megawati 50, kimejengwa katika eneo la hekta 85. Katika nchi za mbali na Ikweta, paneli huinamishwa sana kulifuata jua. Karibu na Ikweta, paneli huhitaji mwinamo mdogo tu, nao husaidia pia maji ya mvua kuteremka na vumbi lisigande.

Hata hilali haisimami kwa namna moja kila mahali. Karibu na Ikweta, mwezi mwandamo huonekana jioni ukiwa umelala chali, ncha zake mbili zikielekea juu, mfano wa dau majini. Kwa Mwislamu wa London, mwezi huo huo huonekana umesimama zaidi. Kwa hiyo ripoti inayosema mwezi umeinama, umelala au umesimama hueleza mahali alipo mtazamaji kama inavyoeleza mwezi.

Sokoni: kulalia na kulaliwa

Maneno haya yana maisha yake sokoni pia. Soko la mifugo la Garissa, ambalo siku yake kuu ni Jumatano, ni mojawapo ya masoko makubwa ya ng'ombe katika Afrika Mashariki. Mara nyingi mnyama hauzwi kwa kupimwa bali kwa kukadiriwa kwa macho, na bei hutokana na mapatano.

Mnunuzi akimpunja muuzaji, husemwa amemlalia. Muuzaji amelaliwa. Neno hilo lina taswira ya upande mmoja wa mizani kuubana ule mwingine. Kulaliwa si kuibiwa, kwa kuwa muuzaji amekubali bei, ila amekubali akiwa hana nafasi ya kukataa.

Wakati wa ukame, nafasi hiyo hupungua. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika Pembe ya Afrika. Mfugaji aliyekuwa na ng'ombe aliyedhoofika alichagua kati ya kumuuza kwa bei duni leo na kumzika kesho. Mnunuzi huenda hakuwa na hila yoyote. Ukame wenyewe ndio uliokuwa umeielemeza mizani.

Mizani ya siasa na maendeleo

Katika historia ya Kaskazini Mashariki, kushika upande kumekuwa jambo zito. Mwaka wa 1962, tume iliyotumwa na Uingereza kuchunguza maoni ya wakazi wa iliyokuwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini iligundua kwamba wengi wa Wasomali walitaka kujiunga na Somalia. Kenya ilipata uhuru mwaka wa 1963 bila eneo hilo kutengwa, na vita vya Shifta vikafuata hadi 1967. Sheria za hali ya hatari zilizoletwa na mzozo huo ziliendelea hadi 1991.

Mwandishi anayeandika juu ya kipindi hicho anapaswa kupima maneno yake. Kusema wakazi 'walielekea' Somalia ni kueleza maoni yao. Kusema 'waliegemea' Somalia ni kudokeza kwamba walitafuta nguvu ya kushikilia. Kusema 'waliasi' ni hukumu, nayo haiwezi kutiwa kwa jumla juu ya watu wote, wakiwamo waliokuwa wakichunga mifugo yao tu.

Vivyo hivyo kuhusu maendeleo. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 ulielekeza uwekezaji wa umma kwenye maeneo yenye ardhi nzuri, mvua, usafiri na nguvu za umeme, kwa hoja kwamba huko ndiko fedha zingezaa haraka zaidi. Maeneo kame hayakutajwa kuwa adui. Hata hivyo, mizani iliyowekwa hivyo haikuhitaji mkono wa mtu kuielemeza. Iliendelea kuelemea yenyewe, mwaka baada ya mwaka.

Katiba ya 2010 ilikusudia kuusawazisha mzani huo. Kifungu cha 204 kilianzisha Hazina ya Usawazishaji, inayotengewa nusu asilimia ya mapato ya serikali ya kitaifa kila mwaka kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Mwaka wa 2013, serikali za kaunti za Garissa, Wajir na Mandera zilianza kazi. Neno 'usawazishaji' lenyewe linakiri kwamba palikuwa na upogo.

Makosa ya kuepukwa

Kosa la kwanza ni kutumia 'egemea' bila kiegemeo. La pili ni kuandika 'pinduka' kwa gari lililolala ubavu tu. La tatu ni kutafsiri misemo ya Kiingereza kwa kuhesabu maneno yake.

Kosa la nne ni kuficha mtendaji. Kusema 'mizani imeelemea' huonyesha hali. Kusema 'mizani imeelemezwa' hudai kwamba yupo aliyefanya hivyo. Mwandishi akichagua neno la pili, awe tayari kumtaja aliyeielemeza na kutoa ushahidi.

Muhtasari wa maneno

Inama: kushika upande au kuelekea chini, kwa sababu yoyote ile.

Inamisha: kusababisha kitu kiiname.

Inika: kugeuza chombo upande ili kilichomo kitoke.

Egemea: kuinama na kushikiliwa na kitu kingine, kwa sitiari, kuunga upande.

Elemea: kwenda upande kwa sababu ya uzani.

Lemea: kuzidi kwa uzito, bila kutaja upande.

Yumba: kwenda huku na huku. Kwa chombo cha majini, kwenda mrama.

Lala upande: ubavu kugusa ardhi au maji.

Pinduka: kilichokuwa juu kuwa chini.

Pogo, tenge, kombo: hali ya kutokuwa sawa pande zote.

Hanamu, mshazari: kwa mstari usio wima wala mlalo.

Mteremko: mahali panaposhuka. Mwinamo: kadiri ya kushuka au kuinama.

Lalia: kumpunja mtu katika bei.

Mwenye shaka na ajiulize maswali matatu kabla ya kuandika: kitu hicho kimeshikiliwa na nini, kimesukumwa na nini, na kimefika hatua gani? Jibu la kwanza humpa egemea, la pili humpa elemea, na la tatu humwambia kama watu wa Kona Punda walikuwa wangali ndani ya mashua au tayari walikuwa majini.